Matunguu Yaliyokwisha Kuchanua

Shule ilipofungwa mchana, Tarane alikunja daftari, akavaa mkoba, akashika njia ile ile ya kila siku: duka la mikate, msikiti mdogo, halafu mteremko wenye mfereji wa maji upande wa kushoto. Majira ya kuchipua, mji wa Mahalati hujaa maua hadi ndani ya matairi mabovu yaliyowekwa mbele ya magereji. Tarane aliyapita maua hayo kama mtu anayepita kati ya kuta mbili za udongo.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki mwezi wa Bahman, theluji ikiwa bado imelala juu ya mapaa, na tangu siku hiyo kitu ndani ya Tarane kilikufa ganzi. Hakulia. Wanawake wa mtaa walipokuja wakalia na kumpapasa kichwa, aliwatengea chai na kuhakikisha kila mmoja amepata kipande chake cha sukari. Mguu ukiukalia vibaya huwa hivyo: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu. Yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Arobaini ikapita, Nouruzi, sikukuu ya mwaka mpya, ikapita. Shangazi yake akamletea kitambaa cha kijani cha kumtoa msibani, kama ilivyo desturi. Alishukuru, akakivaa, akajitazama kwenye kioo. Aliona kitambaa cha kijani.

Nyumbani, stoo ya nyuma ilikuwa inamngoja. Magunia tisa yalisimama ukutani, yamejaa matunguu, mizizi minene mfano wa vitunguu, ya maua ya maryamu, yale maua meupe yanayopandana kwenye bua moja refu na kunukia mpaka nyumba ya tatu. Matunguu hayo huchimbwa vuli, hulala stoo kipupwe chote, na ardhi ikishapata joto hurudishwa shambani. Katikati kuna kazi moja isiyo na sifa wala picha ya ukutani, nayo ni kuchambua.

Tunguu la maryamu huchanua mara moja tu. Likishachanua, hata liwe nene kama ngumi, halitoi ua tena. Litatoa majani, litakunywa maji, litakula mbolea, na mwenye shamba atalikodolea macho kiangazi kizima. Wanaochanua mwaka unaofuata ni watoto wanaolizunguka, wale wa ukubwa wa kati. Kwa hiyo kila fungu huvunjwa, na kila tunguu hubonyezwa shingoni kwa kidole gumba. Likiwa gumu, hupandwa. Kidole kikizama kwenye tundu kavu, hilo limekwisha. Mama yake Tarane alikuwa akiifanya kazi hiyo huku anapiga soga, hatazami hata chini, na alimfundisha bintiye tangu akiwa na miaka saba.

Mwaka huu magunia matano aliyachukua Shangazi Esmat, dada mkubwa wa baba, aliyekaa nyumba ya ng'ambo ya njia. Shangazi Esmat alikuwa amezika waume wawili na kufilisi duka moja la vitambaa, na bado katika kila chumba alichoingia ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Magunia manne alimwachia Tarane. Alimwambia kazi ni ile ile aliyofundishwa, asiharakishe, na kama panya atatokea, amsalimie kwa heshima kwa sababu naye ni mkazi.

Tarane aliketi juu ya debe. Gunia la kwanza alianza vizuri. Alivunja fungu, akabonyeza, akatupa huku na kule. Kisha, asijue ni saa ngapi, aligundua kwamba kidole chake hakibonyezi tena. Mikono ilikuwa inavunja mafungu na kung'oa mabua makavu, makubwa inayatia kwenye vikapu vya kupandia, madogo inayarudisha kwenye magunia ya mabaki. Mikono ilikuwa inachagua kwa macho, tena macho yenyewe hayakuwa yakitazama. Alijua si sawa. Alilijua hilo kama unavyojua kwamba mahali fulani mbali mvua inanyesha. Aliendelea hivyo siku mbili, akamaliza.

Jumatano jioni Shangazi Esmat alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akavitazama vikapu vilivyojaa matunguu manene, masafi.

"Umekagua yote?"

"Yote, shangazi."

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyoweza kuyapata. Jibu jingine lolote lingehitaji maneno, na maneno yangehitaji mtu wa kuyasema. Shangazi alisema vizuri, akaondoka, na Tarane akaingoja aibu imjie. Haikuja.

Alhamisi hapakuwa na shule. Walianza kupanda asubuhi, watu wanne: baba yake Kazem, ambaye tangu msiba alikuwa akisema maneno kumi kwa siku na mengine akiyarudisha ndani, Shangazi Esmat, Mahbube, binti wa mwisho wa shangazi, aliyekuwa darasa moja na Tarane, na Tarane mwenyewe. Baba alitangulia na jembe akifungua mistari. Wasichana walifuata wakipanga matunguu, shibiri moja kati ya hili na hili, shingo ikitazama juu. Shangazi alikuja nyuma akifukia kwa mguu na kulalamika kuhusu mgongo wake, kwa sauti, ili mgongo usikie.

Ilibidi wamalize kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa sababu saa hiyo ndiyo ilikuwa zamu yao ya maji. Katika mashamba yale maji ya chemchemi hugawanywa kwa saa. Saa yako ikifika, unafungua mfereji. Ikipita, unamfungulia jirani na kungoja siku nane. Matunguu yaliyokwisha kuamka hayawezi kungoja siku nane kwenye udongo mkavu. Na maji yakishapita, udongo wa kule hushikana kama matofali. Ukichimba tena, unavunja machipukizi. Kilichopandwa kimepandwa. Utakijua mwezi wa Mordad, katikati ya kiangazi, mabua yatakapotoka au yasipotoka, na mauzo ya mabua hayo ndiyo yaliyokuwa unga, viatu na mafuta ya jiko ya nyumba ile mwaka mzima.

Vikapu vya Tarane ndivyo vilivyotangulia. Walipofika mstari wa tano, Mahbube aliinua tunguu moja, akalichungulia kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

"Hili mbona lina shimo?"

"Mengine huwa hivyo. Panda," Tarane akasema.

"Haya, bibi shamba." Mahbube akalipanda. Alikuwa mtu wa soga na hakuwahi kukaa kuchambua. Kwake tunguu lilikuwa tunguu. Akaendelea kusimulia habari ya mwalimu wa hesabu aliyekuja shule na soksi mbili tofauti, na jinsi darasa zima lilivyopiga hesabu za soksi badala ya hesabu za ubao. Tarane alitikisa kichwa pale palipostahili. Lile jibu lake kuhusu shimo lilikuwa uongo wa pili, nalo pia halikumwuma.

Jioni mistari saba ilikuwa imejaa. Mitano ilibaki, ya matunguu ya shangazi. Wakati wa chakula baba yake alikata mkate, akampa kipande cha kwanza, akasema kwamba leo amefanya kazi ya mtu mzima. Alikuwa ametumia karibu maneno yote ya siku ile kulisema hilo. Tarane alitafuna. Mkate ulikuwa hauna ladha, lakini mikate yote ilikuwa hivyo miezi hiyo. Kilichomshangaza ni kwamba alishindwa kuumeza. Ulikaa mdomoni, ukazunguka. Alilazimika kunywa maji ndipo ukashuka.

Ijumaa asubuhi baba alitangulia shambani kusafisha mfereji. Tarane alitumwa ampelekee chupa ya chai na mkate wenye jibini. Alipofika ukingoni mwa mstari wa kwanza, aliweka chupa chini, akapiga goti, akafukua kwa vidole. Alitoa tunguu, akalibonyeza shingoni. Kidole kilizama mpaka kwenye ukucha. La pili likazama. La tatu lilikuwa gumu. La nne na la tano yalizama. Alihamia mstari wa tatu. Ikawa vile vile. Akahamia mstari wa sita, akafukua manne, na yote manne yalikuwa matupu.

Alikaa juu ya visigino vyake. Jua lilikuwa limeshapanda, na saa sita haikuwa mbali. Angeweza kuyafukia tena, akapeleka chai, na saa sita maji yangekuja yakafunga kila kitu. Hapo Mordad ingefika na baba yake angesimama kwenye mistari saba ya majani, akajiuliza yeye mwenyewe amekosea wapi. Ndiyo, angejiuliza yeye. Tarane alimjua baba yake: angelaumu mbolea, halafu baridi, mwisho angejilaumu mwenyewe. Asingemwuliza Tarane hata mara moja.

Alinyanyuka na matunguu matupu mkononi, akaichukua ile chupa na mkate, akatembea mpaka kwenye mfereji. Baba yake alikuwa ndani ya mfereji, suruali imekunjwa hadi magotini, anatoa matope kwa beleshi.

"Baba, sikuyakagua."

Aliinua kichwa. Tarane akayasema yaliyobaki kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani: kwamba alikagua gunia moja, hata hilo si lote, kwamba makubwa aliyatia vikapuni na madogo akayarudisha, kwamba shangazi alimwuliza naye akasema yote, kwamba Mahbube aliliona tundu na yeye akamwambia apande. Kisha akanyoosha mkono wenye matunguu.

Baba yake alilichukua moja, akalibonyeza. Akatoka mferejini, akaketi ukingoni, beleshi likamwangukia miguuni asiliokote. Tarane alisimama. Hakujua afanye nini na mikono.

"Mama yako alikufundisha," alisema mwishowe. Halikuwa swali.

"Alinifundisha."

"Basi ilikuwaje?"

Tarane alifikiri. Alitaka kujibu sawasawa. "Mikono ilikuwepo, baba. Mimi sikuwepo."

Baba yake aliligeuza lile tunguu, akaligeuza tena. Kisha akasema kwamba kila mwaka, kabla ya kupanda, yeye huingiza mkono katika kila kikapu na kutoa matunguu matano kutoka chini kabisa, akayabonyeza. Alifanya hivyo hata kwa vikapu vya mama yake Tarane, ambaye hakuwahi kukosea, naye alikuwa akimcheka na kumwita mkaguzi wa serikali.

"Jana sikuingiza mkono," alisema. "Nilivibeba tu."

Hawakutazamana. Lakini Tarane aliketi ubavuni mwake, akammiminia chai. Aliinywa yote palepale, moto vile vile, kisha akainuka akisema kwamba anakwenda kwa Mash Heydar.

Mash Heydar alikuwa mwenye shamba la chini, na zamu yake ya maji ilikuwa Jumamosi alfajiri. Kuomba kubadilishana zamu si jambo dogo kule. Mtu anaweza kukukopesha punda wake kabla ya kukupa saa yake ya maji, na Kazem alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Tarane aliwaona kwa mbali. Baba yake alikuwa akizungumza, mkono kifuani. Mash Heydar aliitazama anga, akaitazama ardhi, akakuna kidevu. Alikuwa akifanya hivyo kila alipoombwa kitu, hata kiberiti. Mwisho alitikisa kichwa kukubali. Baadaye ilijulikana kwamba alitoa sharti moja: akipewa saa sita ya leo, asisikie mtu akimshukuru, maana shukrani humletea kiungulia.

Shangazi Esmat na Mahbube walipofika wakamkuta Tarane peke yake katika mstari wa kwanza, anafukua. Alisimama akamwambia shangazi yake kila kitu, mara ya pili siku ile. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu shangazi alikuwa akimtazama usoni. Mahbube akasema alijua, yeye alijua, lile shimo aliliona kwa macho yake. Mama yake akamwuliza kama aliliona kwa nini basi alilipanda, na Mahbube akagundua kwamba kiatu chake kina kokoto.

Shangazi hakumgombeza Tarane, wala hakumkumbatia. Alivua viatu, akakunja mikono ya gauni.

"Magunia ya mabaki yako wapi?"

"Matatu yako stoo. Moja nimelimwaga kwenye lundo la samadi."

"La samadi tuliachie samadi. Mahbube, chukua toroli ukalete hayo matatu. Usipite kwa rafiki yako yeyote. Nakujua."

Kwa hiyo matunguu mazuri yalikuwepo bado, yale ya ukubwa wa kati aliyoyarudisha kama takataka. Walifukua mistari saba yote. Kila tunguu lilipita chini ya kidole gumba. Lililo gumu lilirudi ardhini, tupu lilitupwa pembeni, na mtoto mgumu kutoka kwenye magunia aliwekwa mahali pake. Kazi hiyo ni mara mbili ya kupanda, na mgongo huona ni mara nne. Lundo la matupu lilikua mpaka kimo cha goti. Mahbube, ambaye hakuweza kunyamaza kwa zaidi ya mstari mmoja, alilitazama, akaanza kusema kwa sauti ya upole kwamba inasikitisha, mama anachanua mara moja, halafu anaacha watoto, ni kama vile...

"Kama vile nini?" Shangazi Esmat akamkata. "Ni tunguu, Mahbube. Chimba."

Tarane aliinamisha kichwa. Kitu kilimtoka puani, pumzi fupi. Hakikuwa kicheko, ila kilikuwa jirani wa kicheko.

Walimaliza alasiri, wakaunganisha ile mistari mitano iliyobaki, na jua lilipokuwa linashuka shamba lote lilikuwa limepandwa. Palikuwa na pengo la nusu mstari mwishoni, lile la gunia la samadi. Baba alisema atapanda matango hapo. Kisha akaenda kunawa mferejini, na Mahbube akalala chali juu ya nyasi akitangaza kwamba amekufa.

Shangazi Esmat aliketi karibu na Tarane, akatoa njugu za walnati mfukoni, akamgawia.

"Sikia, binti," alisema. "Watu watakuambia ufanye kazi kwa moyo. Mimi sikuambii hivyo. Mume wangu wa kwanza alipokufa, nilipima vitambaa dukani mwaka mzima bila moyo wowote. Moyo ulikuwa umeondoka, haukuacha hata anwani. Ganzi si kosa lako, na siku utakayolia au usipolia, mimi si karani wa kuandika." Alitafuna kidogo. "Kosa lako ni moja. Nilikuuliza umekagua yote, ukasema yote. Ungesema, shangazi, leo siwezi, ningevuta debe nikakaa. Ni maneno mawili, leo siwezi. Hayana gharama. Lakini ukinidanganya kwamba unaweza, nakuacha peke yako na magunia manne, na wewe ndiye uliyenifukuza. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa kweli, au ni kama ile ya Jumatano?"

Tarane alifikiri kabla ya kujibu. "Kweli. Lakini sioni uchungu wowote, shangazi. Nilidhani leo nitauona."

"Basi huo ndio ukweli wa leo. Niletee huo huo kila siku, mimi nitaupokea ulivyo. Baba yako naye ukampelekee, ana upungufu nao." Akasimama kwa kushika bega la Tarane, akiuambia mgongo wake usimwaibishe mbele ya watu.

Jumamosi alfajiri, kabla ya shule, Tarane alikwenda na baba yake kupokea maji. Mash Heydar alikuwa ameshafika, amesimama kwenye mlango wa mfereji na beleshi lake. Aliwasalimu, kisha kama watu wote wa kule wasalimianavyo, akamwuliza Tarane habari za nyumbani, wote wazima, wote salama? Jibu la swali hilo linajulikana na kila mtoto. Hutolewa hata na mtu aliyevunjika mguu.

"Si salama sana, Mash Heydar," Tarane akasema. "Lakini matunguu tumeyakagua."

Mash Heydar alitazama anga. Alitazama ardhi. Baba yake Tarane alimgeukia bintiye, akamsogelea mpaka mabega yao yakagusana.

"Haya," Mash Heydar akasema, akikuna kidevu. "Sogeeni basi, msiloe." Akauchoma udongo kwa beleshi, mlango ukafunguka, na maji yakaingia shambani mstari baada ya mstari.